Mizani Haiulizi Homa
Waungwana wa maofisini, waliojaaliwa cheti cha tabibu na ruhusa ya kupumzika, hustaajabu kwa nini mchimba koltani wa Rubaya, kule Masisi, mashariki mwa Kongo, hushuka shimoni ilhali malaria inamtetemesha hata tochi ya kichwani ikacheza. Wamesahau kwamba alipwaye kwa kilo hana siku ya ugonjwa. Huko Bisie, Walikale, zama za wapagazi, kiroba cha kilo 50 cha kasiteriti, yaani mawe ya bati, kilivuka msitu mgongoni mwa mtu, na aliyelazwa na homa alilala na njaa vilevile. Naam, mgonjwa hupasua mwamba kidogo na huteleza sana. Lakini ustahimilivu wake, alhamdulillahi, husifiwa mno na wenye simu zinazotegemea koltani hiyo, ambao wao wakipiga chafya mbili hubaki nyumbani.