Pedali Imenyamaza, Using'oe Kitu Bado

Pedali uliyoiunda kwa mikono yako ikinyamaza dakika kumi kabla ya ibada, weka pasi ya kulehemu chini. Najua mkono unakuwasha. Najua pia kwamba mpiga besi ameshakusogelea na hukumu yake: “Yaya, ni transista hiyo, toa!” Mshukuru, mpe kiti, utamhitaji baada ya muda mfupi. Wewe chomoa pedali, unganisha gitaa moja kwa moja na amplifaya, na uabudu kwa amani. Mwenda Jean Bosco alirekodi “Masanga” mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, kwa gitaa kavu, akitumia kidole gumba na cha shahada. Watu hawakuuliza pedali iko wapi.

Ukirudi nyumbani Musonoi, hapa Kolwezi, ndipo kazi inaanza. Pedali haifi yote kwa mara moja. Sauti inaingia kwa jeki moja, inapita vituo vichache, inatokea kwa jeki ya pili, na mahali fulani njiani imezuiwa. Tafuta mahali hapo kabla ya kubadilisha chochote. Fundi anayeng'oa vipuri kwa kubahatisha humaliza jioni na magonjwa mawili, ule alioukuta na ule aliouzaa.

Anza na umeme. Kolwezi tunaujua umeme kuliko wengi: tangu miaka ya 1980 mstari wa umeme wa bwawa la Inga unaishia kwetu, baada ya kilomita zipatazo 1,700, ukileta mkondo mnyoofu ambao hapa hugeuzwa kuwa mkondo geu wa hezi 50. Pedali yako inadai kinyume chake. Inataka mkondo huo unyooshwe tena, ushushwe hadi volti 9, na usibaki na wimbi hata dogo. Adapta hafifu huacha wimbi, na wimbi hilo ndilo ule mngurumo unaokukera.

Sasa mwite yule ndugu wa besi. Mwambie apige uzi wake mnene kwenye freti ya tatu. Hiyo ni G, takriban hezi 49. Kisha wewe piga uzi mnene wa gitaa, freti ya tatu vilevile: hiyo ni G ya juu yake, hezi 98. Linganisha na mngurumo. Ukifanana na G yako ya gitaa, mshuku adapta kwanza, kwa sababu dayodi zake hukunja kila wimbi la umeme na hezi 50 zinakuwa 100. Ukifanana zaidi na G ya besi, basi umedakwa hewani: waya wa ardhi umekatika, au umeiweka sakiti ndani ya kisanduku cha plastiki. Hamishia kila kitu ndani ya kopo la maziwa ya unga na uunganishe bati lenyewe na waya wa ardhi. Kopo si aibu. Mawangu Mingiedi wa bendi ya Konono No 1, kule Kinshasa, alitengeneza maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari, na dunia ikamsikia.

Betri nayo ipime huku waya wa gitaa umechomekwa. Katika pedali nyingi, plagi ikiingia ndipo betri inaunganishwa, kupitia jeki ya stereo. Ikiwa ulitumia jeki ya mono kwa sababu ndiyo iliyopatikana sokoni, betri inaliwa usiku kucha wakati umelala. Chini ya volti 7, usiibembeleze.

Umeme ukiwa sawa na sauti bado haipo, tengeneza kijiti cha kusikilizia. Chukua waya mzee wa gitaa, ukate ncha moja. Waya wake wa ardhi uufunge kwenye ardhi ya pedali. Waya wa kati uulehemu kwa kapasita ya nanofaradi 100, na mguu wa pili wa kapasita uuache wazi. Ncha nzima inakwenda kwenye amplifaya, sauti ikiwa chini. Mwombe mtoto apigepige gitaa bila kuacha, nawe gusa sakiti hatua kwa hatua kuanzia jeki ya kuingilia: jeki, kapasita ya kwanza, mguu wa kati wa transista, mguu wa kutokea. Sauti ipo, ipo, ipo, halafu haipo. Umefika. Kati ya mguso wa mwisho uliosikika na wa kwanza ulionyamaza, hapo ndipo ugonjwa ulipo, na sehemu hiyo haizidi upana wa ukucha.

Ukikuta ni kwenye transista, angalia miguu yake kabla ya kuilaani. 2N3904 ikikutazama kwa uso bapa ina emita kushoto na kolekta kulia. BC547 ni kinyume kabisa. Waliozing'oa kutoka redio mbovu wanajua uchungu huu. Na kama yako ni ya germani, ya zile pedali za fazi za miaka ya 1960, ipishe jua: germani huvuja ikipata joto, na Oktoba yetu kabla ya mvua haina huruma. Ipende pia kwa sababu ya ukoo. Katika miaka ya 1950 mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, ulikuwa mmoja wa wazalishaji wakubwa wa germani duniani. Shaba ya nyaya ni ya kwetu, bati la lehemu lilichimbwa Manono. Pedali hii ni ya nyumbani kuliko gitaa lenyewe.

Nikuambie iliyonitesa mimi zaidi. Wiki nzima ilikuwa ikiimba asubuhi na kunyamaza jioni. Volti sawa, transista sawa. Siku moja mlipuko wa mgodi ukatikisa ukuta, vikombe vikalia kabatini, na pedali ikarudi kuimba yenyewe. Nikachukua kijiti cha mbao, nikagonga kila kiungo polepole. Kimoja kilikuwa na rangi ya kijivu, kimevimba kama tone la nta, na mguu wa rizista ukicheza ndani yake. Lehemu baridi. Mchanganyiko wa bati na risasi huyeyuka karibu na nyuzi 183, lakini lazima waya wenyewe upate moto huo, si lehemu peke yake. Nilikishika na pasi sekunde tatu, kikang'aa, na hakijasumbua tena.

Ikipona, usiifunge haraka. Chukua kalamu ya wino mzito, na ndani ya kifuniko cha kopo andika volti za kila mguu wa transista, pamoja na tarehe. Fanya hivyo leo ikiwa nzima, ndugu yangu, kwa ajili ya jioni itakaponyamaza tena.