Mjomba Gwiji Akujibu: Kutoka London Hadi London

SWALI: Tunaishi Milimani, hapa Nakuru. Stoo imejaa hadi mlango haufungi. Nataka kupunguza vitu niwapelekee wenye shida, lakini mume wangu anasema tutavihitaji. Nifanyeje? – Nimezongwa.

JIBU: Umefanya busara kuandikia safu hii badala ya kuwasumbua wataalamu. Wataalamu wana shahada, na shahada humzuia mtu kusema asilolijua. Mimi kizuizi hicho sina. Ingekuwa haki inatendeka nchini, kichwa changu kingewekewa uzio na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na wageni wakatozwa kiingilio langoni kama wanavyotozwa Hell's Gate. Serikali haijaamka, kwa hivyo hekima hii unaipata bure. Tatizo lako nimelielewa kwa kusoma mstari wa kwanza. Mingine nimeisoma kwa heshima tu.

Nikiitazama stoo yako kwa jicho la akili, jicho ambalo huona kutoka Gilgil hadi Molo bila miwani, naiona televisheni ya mgongo iliyonyamaza tangu mitambo ya analogi izimwe mwaka 2015. Naona mikebe ya Kimbo iliyooshwa ikaachwa ingoje kazi, vitambaa vya makochi ambayo yenyewe yaliuzwa zamani, na majuala ya plastiki yaliyofichwa tangu yapigwe marufuku Agosti 28, 2017, eti huenda siku moja serikali ikajuta. Jihadhari, mwanangu. Pale Hyrax Hill, kando ya barabara ya kwenda Nairobi, waliishi watu ambao hawakuwa na mpango wowote wa kufungua makumbusho. Waliacha vyungu vyao na vipande vyao vya mawe ya kukatia, na mwaka 1937 Mary Leakey akaja kuvifukua. Usipochukua hatua, karne zijazo mtaalamu atafukua Milimani, akute blenda tatu zisizo na vifuniko zimepangwa kwa heshima gizani, na aandike kwamba kabila hili liliabudu blenda. Wala hatakuwa amekosea sana.

Tiba yangu ya kwanza, ambayo vyuo vikuu vya Egerton na Kabarak vitakuja kuifundisha vikishamaliza kunionea wivu, ni kwamba kila kitu ndani ya nyumba kilipe kodi. Kodi ya kitu ni kutumika. Kilichotumika ndani ya mwaka mmoja kimelipa, kikae. Kisichotumika kipewe notisi ya siku thelathini, isomwe kwa sauti mbele ya kitu chenyewe, nakala apelekewe chifu. Blenda ikikata rufaa, kesi isikilizwe na mama mkwe, na uamuzi wake usipingwe hata katika Mahakama ya Upeo. Ukiufuata utaratibu huu kikamilifu, kufikia mwisho wa mwezi stoo itafunga. Lakini sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo watu wenye akili za kawaida, ambao nawapenda, hupotea: stoo ikishafunga utakuwa umepunguza vitu, hujatoa sadaka. Hizo ni kazi mbili. Kupunguza vitu ni haja yako wewe. Kusaidia ni haja ya mwenzako. Anayezifanya zote mbili kwa mpigo mmoja, akabeba kila alichofukuza nyumbani na kukiita msaada, kwa kawaida anaharibu ya pili huku akijipongeza kwa ya kwanza.

Ushahidi unao karibu kuliko unavyodhani. Huko Uingereza watu husafisha makabati yao, wakapeleka nguo katika maduka ya hisani na kurudi nyumbani na moyo mweupe. Maduka yale huuza sehemu tu ya kinacholetwa. Kinachosalia huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, kikachambuliwa, kikafungwa marobota, kikapandishwa meli. Mwaka 2019 Kenya iliingiza takribani tani 185,000 za mitumba kutoka nchi mbalimbali. Robota hushuka Mombasa, likapita soko la Gikomba, likapanda Bonde la Ufa, na mchuuzi wetu hulinunua likiwa limefungwa, bila kujua kilichomo. Akilifungua huchambua: nguo za kamera, zile nzuri za juu, zitamlipia karo, za fagia zitauzwa kwa chochote kitakachopatikana, zilizochanika na zenye madoa hazina mteja, na safari yao huishia jaani. Na jaa la Nakuru, Gioto, liko wapi? Kwenye miteremko ya Menengai, mtaa wa London. Kwa hiyo inawezekana kabisa shati litolewe sadaka London likatupwe London, baada ya kuvuka bahari na kumtia hasara mama mmoja njiani. Aliyelitoa hana habari. Yeye kabati lake lilifunga siku ile ile. Hoja hii ya London mbili nimeigundua bila msaada wa mtu, na naomba ikumbukwe nitakapopendekezwa kwa nishani.

Sasa namsikia msomaji wa Lanet, daima ni wa Lanet, akisema: Mjomba, maskini hachagui, si afadhali kitu kuliko kukosa? Bwana wa Lanet, nenda katika mitumba ya mji huu siku ya soko umtazame mwanamke mwenye shilingi hamsini. Atageuza kola, atavuta zipu mara mbili, atainua suruali juani atafute palipolika, kisha atairudisha na kuondoka akiwa na hamsini yake. Maskini huchagua kuliko tajiri, kwa sababu akikosea hana nyingine. Mahali pekee asipoweza kuchagua ni pale unapomletea wewe, umesimama mlangoni na boksi, na watoto wamepangwa mstari kukuimbia. Hapo atapokea sufuria isiyo na mkono na kukushukuru, na tatizo la sufuria litakuwa limehama kutoka nyumba yenye nafasi hadi nyumba isiyo na nafasi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, waliotangulia walisema hivyo. Hakuna mahali walipoongeza kwamba moyo huo uje na sufuria mbovu. (Kuhusu kuimbiwa: picha za watoto wakiwa wameshika viatu vyako vya zamani usizipige. Mtoto ana haki ya faragha, na isitoshe umetoka vibaya.)

Vitu vyenye umri ndivyo vinavyodanganya zaidi, kwa sababu kwa macho bado vizima. Chukua vitabu. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na mtaala wa umilisi ulikuwa umeanza kutekelezwa kote nchini tangu 2019. Rundo lako la vitabu vya marudio vya KCPE, hata vikiwa na majalada yanayong'aa, ni mzigo kwa shule ya msingi itakayovipokea kwa adabu na kukosa pa kuviweka. Vya sekondari vya mtaala wa zamani wa 8-4-4 vina uhai kidogo, kwa kuwa kundi la mwisho litafanya KCSE mwaka 2027. Vikitolewa baadaye vitakuwa vya kuwashia jiko. Kamusi, hadithi na riwaya hazina tarehe ya kuharibika, na maktaba yoyote ya shule huko Njoro au Bahati itazifurahia. Dawa zilizobaki, hapana, hata moja. Baada ya tsunami ya mwaka 2004, mkoa wa Aceh huko Indonesia uliletewa tani zipatazo 4,000 za dawa, nyingi zikiwa hazikuombwa na nyingine zikiwa na maandishi ambayo madaktari wa huko hawakuweza kuyasoma. Kuziteketeza kukawa mradi mwingine wa msaada. Nayo televisheni ya mgongo ina madini ya risasi ndani ya kioo chake, haifai jaani wala kwa yatima. Nairobi kuna WEEE Centre, kituo kinachopokea vifaa vya umeme vilivyokufa na kuvivunja kwa utaratibu. Vyuma muuzie mnunuzi wa chuma chakavu mwenye leseni. Biashara hiyo ina sheria yake tangu 2015, na mwaka 2022 serikali iliisimamisha kwa miezi kadhaa kwa sababu ya watu waliokuwa wakiuza hata minara ya umeme.

Msinielewe vibaya nikaonekana mtu wa moyo mgumu. Moyo wangu ni mlaini kiasi kwamba daktari angeuona angeniandikia kitabu. Kuna siku ambazo vitu ndivyo vinavyotakiwa, tena haraka. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilipopasuka huko Solai, na tarehe 29 Aprili 2024 mafuriko yalipopita Mai Mahiu usiku, familia zilizonusurika zilibaki na nguo za mwilini tu. Mwanzoni mwa 2008, maelfu waliofukuzwa makwao na ghasia za baada ya uchaguzi walilala katika Uwanja wa Maonyesho hapa Nakuru. Siku kama hizo blanketi ni blanketi. Lakini hata hapo kuna anayejua kilichopungua, na huyo si mimi wala wewe, ni yule aliye pale akihesabu watu: Shirika la Msalaba Mwekundu, ofisi ya parokia, kamati ya msikiti. Blanketi la hamsini na moja kwa watu hamsini, wakati hakuna hata sodo moja, ni dalili kwamba watu walitoa walichokuwa nacho bila kuuliza kilichokosekana.

Na makao ya watoto, ambako najua tayari unapanga kupeleka? Hapo mambo yamebadilika, na waungwana wengi wa Milimani hawajaambiwa. Sera ya nchi hii sasa, kwa mkakati wa 2022 hadi 2032, ni kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia, wawe na jamaa zao au walezi. Wengi wa walio kwenye makao si kwamba hawana jamaa kabisa. Umaskini ndio uliowafikisha pale. Ukiyajaza makao vitu huku shangazi wa mtoto yule akikosa godoro la kumlaza, umesaidia jengo. Mwendee afisa wa watoto wa kaunti ndogo, muulize ni makao gani yaliyosajiliwa, na muhimu zaidi, ni familia gani zinazompokea mtoto na kupungukiwa kitanda. Kitanda chako kizima, kile cha mtoto aliyekwenda chuo, kimepata pa kwenda.

Pingamizi la mwisho, na ndilo kubwa, ni la wale watakaosema: basi niuze vitu nipeleke pesa? Pesa watakunywa! Ni ajabu jinsi hoja hii inavyopendwa na watu walioishika glasi. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro kuhusu familia maskini za Rarieda, kaunti ya Siaya, zilizotumiwa pesa kwa simu bila masharti. Walichonunua ni mabati, mifugo na chakula zaidi. Matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Kwa hiyo, kabati ambalo hakuna aliyeliomba liuze, hata kwa bei ya kutupa, na pesa hizo zitume. M-Pesa ipo tangu 2007, haitaki mkokoteni wala Probox, na anayepokea atachagua mwenyewe kama yule mwanamke wa zipu. Mnunuzi naye atakuwa amepata kabati alilolitaka kweli, maana amelilipia.

Imebaki kesi ya mume, anayesema mtavihitaji. Hii ningeiandikia kurasa nne, kwa kuwa ufahamu wangu wa waume hauna mpinzani kati ya Naivasha na Kuresoi, ila nafasi inaniishia, na lawama ni ya mhariri, ambaye bado anaamini kwamba ukurasa huu una mwisho. Kwa kifupi: mume ana hoja nusu. Huenda mkahitaji kitu kimoja kati ya mia. Basi hicho kimoja mtakinunua katika mitumba siku hiyo kwa bei ndogo kuliko nafasi ambayo vile tisini na tisa vinaila sasa. Mwache achague vitu vitano vya kubaki bila kuulizwa, hata kama vyote vitano ni vifuniko vya blenda. Kwa vingine: kinachofanya kazi na kimeombwa, kifue, kirekebishe, kipeleke; kizima kisichoombwa, kiuze; kibovu, fundi kwanza, akishindwa peleka panapostahili, si kwa maskini. Na kabla ya kupakia chochote garini, piga simu uulize wanataka nini. Wakisema hawataki, usibishane nao. Usiniandikie tena habari za stoo. Barua ijayo iwe ya kunisifu, na iwe ndefu.