Wasiofuata Mkumbo

Santal 33, manukato ya Le Labo, ilitoka mwaka 2011 huko New York: sandali, mwerezi, iliki na kaharufu ka ngozi, ya wake kwa waume. Inamfaa, ati, mtu mwenye msimamo wake, asiyefuata mkumbo. Basi wasiofuata mkumbo wakainunua wote, wakabanana kwenye lifti moja wakinukia mamoja. Chupa hubandikwa lebo yenye jina lako. Na ni vizuri, maana pua peke yake haitakutofautisha na jirani.

Mimi nami nilijipulizia, nikaenda kumsalimu shangazi Unguja. Shikamoo haijaitikiwa, keshaninusa shingo mara mbili.

“Mwanangu, umetoka kuchonga kabati au kupika pilau?”

Nikamweleza kuwa haya ni manukato ya kisasa, hayachagui mwanamke wala mwanamume. Hakunijibu. Aliinama akapuliza makaa ya chetezo, akatupia kipande cha udi, akafukiza kanzu ya mjomba, kisha kanga zake, juu ya moshi uleule.

Bei nilipomtajia, alininusa mara ya tatu.

“Na iliki yenyewe wamebania.”