Foleni ya Kwenda Mbinguni

Tuliambiwa intaneti ya setilaiti ni ya mtu wa mlimani. Hoja yenyewe ilikuwa tamu: kule kwenye vilima vya Cherangani, mnara wa simu ukisimikwa upande huu, walio nyuma ya kilima hawaambulii kitu; lakini setilaiti inayopita kilomita 550 hivi juu ya vichwa vyetu haijali kilima. Tega dishi mahali panapoona anga, washa, basi. Starlink, kampuni ya intaneti hiyo, ikaingia Kenya mwaka 2023. Mlimani wakakaa mkao wa kula.

Novemba 2024, kampuni ikasitisha kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti jirani. Pamejaa! Naam, huduma ya waliosahaulika ilijazwa kwanza na watu wanaopitiwa na nyaya za faiba mlangoni. Siwalaumu, mwenye pesa ana haraka zake.

Na mwenyewe wa mlimani? Yuko palepale juu ya jabali, amenyoosha mkono wenye simu kama anayeomba mvua, akisubiri vijistari viwili vya mtandao ili ujumbe wa M-Pesa uingie. Kifaa cha Starlink kilianza kwa shilingi 89,000 hivi. Bei ikashuka baadaye, asante sana. Ila dishi halili hewa: linataka umeme, nao umeme uliishia kwa chifu.

Waheshimiwa, mkija kuzindua intaneti ya kasi, njooni na nguzo za umeme. Na dishi lifungwe shuleni au kwenye zahanati, si juu ya paa la diwani.