Mzee Kaa Amhoji Hema

Ufukwe wa Bagamoyo, saa nane za usiku, mwezi mpevu. Wanafunzi wamelala. Spika imenyamaza kwa sababu betri imekwisha, si kwa sababu kuna mtu aliyeona haya.

HEMA: Shikamoo, babu.

KAA: Marahaba, mjukuu wangu. Mmetokea wapi na hao watu wako?

HEMA: Dar es Salaam. Mimi ni wa kukodiwa tu. Ila safari hii ni ya heshima, babu, si pikiniki. Soma bango: “Matembezi ya Pwani na Kambi ya Kutunza Mazingira.”

KAA: Bango nimeliona, la plastiki. Matembezi ndiyo sijayaona. Nina miguu minane na magando mawili, mtu akitembea namjua.

HEMA: Walikwenda Kaole, kwenye magofu.

KAA: Kwa miguu?

HEMA: Kwa basi.

SUFURIA: Na kurudi kwa basi. Kutoka mjini hadi Kaole ni kama kilomita 5. Mwalimu alisema watoto watachoka.

KAA: Watachoka vipi na fulana zile? Maana nyuma zimeandikwa “Mabingwa wa Matembezi”. Haya, huko Kaole waliona nini?

HEMA: Makaburi yenye nguzo. Mmoja alipanda juu ya ukuta akapigwa picha.

KAA: Hakuna aliyewaambia kwamba nguzo zile zilipambwa kwa bakuli za kutoka China? Kwamba pale palikuwa bandari, hadi tope na mikoko vikaziba njia ya majahazi, biashara ikahamia huku Bagamoyo? Hilo ndilo somo la mazingira lenyewe!

SUFURIA: Muda haukutosha, mzee. Walikuwa wanawahi kupiga picha za machweo. Wakaja wakajipanga hapa, simu zimeelekezwa baharini, wanasubiri jua lizame majini.

KAA: Pwani hii? Jua hapa huchomoza baharini!

SUFURIA: Walisubiri. Mwalimu wa jiografia naye alisubiri.

HEMA: Lakini walipanda mikoko, babu. Hilo uwape.

KAA: Mikoko? Mche ulikuwa mmoja! Niliutazama kutoka shimoni kwangu. Kashika mwalimu mkuu, picha. Kashika mwenyekiti wa wazazi, picha. Kachukua dereva, picha. Darasa zima likaupokezana, kila mmoja akauinamia kwa huzuni kama anamzika shangazi, picha. Alipita muuza kashata, naye akakabidhiwa, picha. Hata mimi nikaanza kujitengeneza nikijua zamu yangu inakuja. Mwishowe wakaufukia kwenye mchanga huu, mbele ya mawimbi, na kiriba chake hawakukitoa.

HEMA: Kwani kuna ubaya?

KAA: Mkoko hushika mizizi kwenye tope, ndani ya hori lililotulia. Hapa wimbi moja tu limeung'oa. Uko pale, unaelea pamoja na chupa zenu za maji. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, nanyi mkaitii sheria kwa kubeba chupa.

SUFURIA: Na waliokosa mchango wa safari wamebaki shuleni, wanachorewa bahari ubaoni.

KAA: Hao huenda wakarudi nyumbani na elimu zaidi. Bahari ya ubaoni angalau ina mtu anayeieleza. Kulikuwa na binti mmoja hapa jioni, mdogo, hana simu. Alichuchumaa karibu na shimo langu, akaniona natoka na donge la mchanga, nalitupa, narudi ndani. Akahesabu madonge. Akasogeza kidole, akaona wapi mchanga mbichi unaanza. Akamuuliza mwalimu: “Kwa nini kaa amechimba huku juu na sisi tumeweka mahema kule chini?”

HEMA: Akajibiwa nini?

KAA: “Njoo huku, unaharibu picha ya pamoja.”

HEMA: Lakini babu, pale tulipo pamekauka.

KAA: Pamekauka? Mlifika maji yakiwa yanakupwa, mkaona ufukwe mpana mkafurahi. Ule mstari wa mwani mkavu uko juu yenu hatua ishirini. Unadhani aliyeutandaza ni nani, Halmashauri?

HEMA: Mchanga ulikuwa mbichi kidogo. Mwalimu alisema ni umande.

KAA: Umande saa moja ya jioni! Sasa nisikilizeni, na huyo mwalimu angeamka anisikie. Mwezi mpevu ni maji ya bamvua. Hapa hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita 3, na kilele chake ni karibu saa kumi za alfajiri. Hii si siri. Hatua chache kutoka hapa kuna wazee wa ngalawa wanaoyajua haya kama majina ya watoto wao: bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, wapi pa kulala na wapi pa kupita tu. Mwenye spika mmemlipa. Mchapishaji wa fulana mmemlipa. Mvuvi hamkumpa hata salamu! Mnachukua fedha za wazazi, mnawaleta watoto hadi ukingoni mwa darasa, halafu mnawageuza walipe mgongo ili sura zionekane. Hiyo si elimu, ni wizi wenye risiti.

HEMA: Babu, mbona sakafu yangu imelowa?

KAA: Umande.

SUFURIA: Vigingi vinang'oka! Watoto wanakimbia, viatu vinaelea! Mwalimu ameamka... anapaza sauti... anasema wapige picha haraka, kwenye ripoti itaandikwa kwamba wanafunzi wamejifunza kujaa na kupwa kwa maji kwa vitendo.

KAA: Basi mwakani mchango utapanda. Somo limeongezeka.