Mkono wa Shemeji Si Kamba

Kabla ya kununua keria, fungua droo ya dashibodi utoe kitabu cha gari. Kama gari lilitoka Japani na kitabu ni cha Kijapani, kipige picha, simu ikutafsirie. Unatafuta namba moja: uzito unaoruhusiwa juu ya paa. Kwa magari mengi ya kutembelea ni kati ya kilo 50 na 100, na keria yenyewe imo humo. Fundi wa kuchomelea akikuundia keria ya mabomba ya chuma yenye kilo 30, paa la kilo 75 limebakiwa na kilo 45 tu. Lumbesa moja ya viazi inapita kilo 100. Lumbesa mbili ni sawa na watu wazima watatu walioketi juu ya paa. Kama unaona aibu kuwapandisha watu watatu huko, usipandishe viazi.

Kuchagua si kazi ngumu. Land Cruiser za zamani zina mfereji wa maji ya mvua ubavuni mwa paa, na keria hukamata hapo vizuri sana. Gari lenye reli mbili juu linataka fito mbili za kukatiza, na za aluminiamu ndizo bora kwa wepesi wake. Paa tupu linataka vibano vilivyotengenezwa kwa modeli hiyohiyo. Fundi akishika drili akasema atoboe matundu manne tu, mnyang'anye funguo za gari uondoke. Maji yataingia, kutu itafuata.

Sasa umefika Njombe kusalimia ukweni, na asubuhi ya kuondoka unakuta mizigo imepangwa uani. Hapa ndipo keria inapojaribiwa, na mwenye keria pia. Sema: "Shikamoo mama, asante sana, ila gunia hili tulipakie kwenye Fuso, nitalipokea Dar." Atanuna kidogo. Mwache anune, kwa sababu mbele yako kuna mteremko wa Kitonga, na gari lililobeba uzito kichwani hulala kwenye kona na kuchelewa kuinuka. Vizito vikae ndani, chini, karibu na mgongo wa kiti cha nyuma. Juu viende vyepesi vyenye umbo kubwa: vikapu vitupu, viti vya plastiki, godoro. Ukifika Ruaha Mbuyuni na vitunguu vikakuita, vinunue, lakini viweke miguuni mwa abiria.

Godoro ndilo mwalimu wa kweli. Wengi hulilaza juu ya paa, wanalifunga kwa kamba moja katikati, kisha shemeji anatoa mkono dirishani kulishika. Mkono wa shemeji si kamba. Upepo huingia chini ya godoro na kulibeba, na hakuna mkono unaoweza kulizuia. Funga mbele na nyuma pia, kamba zishuke hadi kwenye ndoano za kuvutia gari zilizo chini ya bampa. Mpira wa tyubu ya baiskeli uache nyumbani, maana unavutika, na kinachovutika hakishikilii. Ukitumia mkanda, uzungushe nusu mzunguko kabla ya kukaza, hautapiga kelele njia nzima. Baada ya kilomita 20 hivi simama ukaze tena, kwa sababu mzigo hujipanga upya ukitikisika.

Mwendo nao upunguze. Ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, nguvu ya upepo juu ya mzigo huongezeka kwa zaidi ya nusu, na mafuta yanakwenda nayo. Anayekufuata nyuma kwa pikipiki ndiye atakayelipokea godoro lako usoni. Mfikirie yeye kila unapokaza fundo.

Ukishashusha mzigo, ng'oa keria uitundike stoo. Ikiwa tupu bado inakata upepo na kula mafuta, siku zote ambazo huna godoro la kubeba.