Namna ya Kuiba Kipindi cha Hisabati na Kukipeleka Mikokoni

Mwalimu mwenzangu wa Bagamoyo, Kaole, Mlingotini, hadi Saadani, sogea karibu tusisikike ofisini. Umekabidhiwa elimu ya mazingira, lakini kwenye ratiba haina kipindi chake. Basi itakubidi uibe. Njia ni hizi.

1. Iba Hisabati. Wala usijifiche. Kwenye andalio la somo andika: "Takwimu: kukusanya na kupanga data." Kisha lipeleke Darasa la Sita ufukweni likahesabu taka: chupa za maji, vifuniko, vipande vya nyavu, kandambili zisizo na mwenzake. Wakirudi wachore grafu. Mthibiti ubora akija atakuta Hisabati, na ni Hisabati kweli. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tarehe 1 Juni 2019. Waambie watafute mmoja. Wakiupata, maswali watauliza wenyewe.

Mwalimu mkuu akikataa kutoa darasa zima, chukua wachache. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alianzisha mpango wa vijana wa mazingira uitwao Roots & Shoots hapo Dar es Salaam, mwaka 1991, na wanafunzi 12.

2. Ratiba ipangwe na bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, watoto wakiwa tayari shuleni. Maji mafu yasikusumbue, baki darasani. Tena usijitese na kalenda. Muulize mtoto wa mvuvi, yule anayekaa nyuma na hanyooshi mkono mwaka mzima. Anajua maji yanapwa lini, kaa anajificha wapi, tope lipi linameza mguu. Mfanye kiongozi wa msafara mbele ya wenzake. Kila binadamu anapenda kuonekana anajua, na huyu anajua kweli. Ila mdomo wa Ruvu uache, una viboko na mamba. Kijito kidogo kinatosha.

3. Usihutubie. Njia ya mkato ni ulimi. Mkifika kwenye mchu, mmojawapo wa mikoko, kila mtoto alambe jani moja. Chumvi! Mti unakunywa maji ya bahari, kisha unaitoa chumvi kwa majani, kama mtu anavyotoka jasho. Waonyeshe na mizizi yake iliyochomoza topeni kama penseli zilizochomekwa: ndiyo pua ya mti, kwa sababu tope halina hewa. Halafu wainame kwenye mkoko wenye mizizi ya matao, wanyamaze dakika mbili. Kaa watatoka. Kamba wadogo wataonekana kwenye dimbwi. Hapo uliza swali moja tu: mkiondoa miti hii, hawa wataenda wapi? Kaa kimya, wajibu wao.

Kuhusu matope kwenye sare: waje na nguo kuukuu na raba za zamani, la sivyo utajibu mbele ya mama zao.

4. Mpe mgeni rasmi picha yake. Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, atakuja na hotuba. Mchimbie shimo mbele ya ofisi, mpe mche wa mwembe na ndoo ya maji, apigwe picha apendeze. Nawe simama karibu, utoke vizuri. Hakuna anayeumia, na mwembe una faida. Mikoko msiipande siku hiyo. Subirini bamvua.

Siku ikifika, okoteni matunda ya mkoko yaliyodondoka: ya kijani, membamba, mengine marefu kuliko rula. Hayahitaji kitalu wala viriba. Mnachomeka ncha kwenye tope linalofikiwa na maji, basi. Kwenye mchanga mweupe unaopigwa na mawimbi msipoteze nguvu, hata kama ndipo kamera inapopenda.

5. Mengine yatakufa. Usijaze pengo usiku ili upeleke ripoti nzuri. Wapeleke watoto baada ya masika yanayofuata wahesabu mizoga. Kati ya 50 yakifa 40, waandike 40, kisha wajadili: kaa walikula, mbuzi walipita, au tulichagua pabaya? Watu wazima unaweza kuwazungusha kwa andalio la somo. Mtoto usimdanganye kwa namba, maana ndiye atakayebaki na pwani hii.

6. Baba zao usiwaseme. Yumo mtoto ambaye ada ya kaka yake ilitoka kwenye boriti, au kwenye tanuri la chokaa. Sema sheria ilivyo: mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi, na kukata bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) ni kosa. Ukishasema, ishia hapo. Mtoto akifika nyumbani atamlambisha baba jani.

Mwalimu, usiku huu toka nje utazame mwezi. Ukikaribia kuwa mpevu, andika andalio la somo kabla hujalala.